Habari za Fremu Kuukuu Iliyo Ghalani Mwetu

Wanachama wanaofika katika ghala letu kuu kupima mbata, ufuta na korosho wameiona siku zote fremu nyeusi ya baiskeli iliyotundikwa kwa waya juu ya mlango, upande wa kushoto aingiapo mtu. Haina magurudumu, haina usukani, haina kiti. Iliyobaki ni fremu yenyewe na uma wake wa mbele. Kwa miaka 10 tangu Chama chetu kiandikishwe, macho yetu yameizoea kama yalivyouzoea mwembe ulio uani. Mgeni aulizapo huambiwa, "Hiyo ni ya Mjerumani," na habari huishia hapo.

Kitabu hiki kilipokuwa kikitayarishwa, Kamati iliagiza fremu hiyo ishushwe, isafishwe, iwekwe katika chumba cha maonyesho pamoja na mizani yetu ya kwanza na daftari za hisa. Kibao cha kubandikwa chini yake kilikuwa kimekwisha andikwa: kwamba baiskeli hii iliachwa na askari wa Kijerumani katika vita vya Tanga, Novemba 1914. Katika siku hizo hizo akaja mgeni mmoja, mnunuzi wa vitu vya kale, akaitazama, akataja fedha ambazo zingetosha kununua mizani mpya na kubaki chenji. Sharti lake lilikuwa moja tu: apewe barua yenye mhuri wa Chama, ikithibitisha kwamba kweli ni baiskeli ya vita.

Hapo pakatokea majadiliano makali. Wako waliosema kwamba chuma ni chuma, na mizani mpya ina faida kwa mkulima kuliko fremu yenye kutu. Wengine wakajibu kwamba mhuri ule ule ndio upigwao juu ya stakabadhi ya mkulima, pale tunapomwambia kwamba gunia lake limetimia kilo kadha wa kadha na daraja lake ni hili. Ukipigwa mara moja juu ya neno tusilolijua, nani atauamini tena? Baada ya saa mbili Mwenyekiti akakata shauri kwamba habari ichunguzwe kwanza, ndipo mhuri utolewe kabatini. Sisi tunaoandika ukurasa huu ndio tuliokabidhiwa kazi hiyo, na yafuatayo ndiyo tuliyoyapata.

Si haki kuidharau hadithi ya wazee, kwani ina mizizi yake. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilitokea mbele ya bandari ya Tanga, na askari wao, walio wengi kutoka Bara Hindi, wakaanza kushushwa upande wa Ras Kasone. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa akiteremsha askari wake kwa reli ya Usambara, reli iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893. Yeye mwenyewe aliandika katika kumbukumbu zake ya kwamba usiku, kabla ya mapigano makubwa ya tarehe 4, aliingia mjini kwa baiskeli pamoja na wenzake wawili. Baiskeli zile zilikuja nao ndani ya garimoshi. Wakapita katika mitaa mitupu mpaka pwani, wakaziona meli za adui ziking'aa kwa taa na kelele za watu zikisikika juu yake. Tarehe 5 Waingereza wakapanda tena merikebuni, wakiacha nyuma bunduki nyingi na risasi zipatazo laki sita.

Basi baiskeli za Wajerumani zilikuwapo Tanga katika vita vile, na ni kweli kwamba vitu vingi vilibaki vimetapakaa katika mashamba ya minazi. Walakini, kuwapo kwa simba katika nchi hakufanyi kila ngozi ya manjano kuwa ya simba. Swali letu halikuwa kama Wajerumani walipanda baiskeli, bali kama fremu hii, yenye mabomba haya na viungo hivi, yaweza kuwa mojawapo ya zile.

Tulimwendea fundi mmoja wa Ngamiani, mtu wa makamo aliyerithi kazi na nyundo kwa babaye. Mji wa Tanga ni tambarare, na mafundi wa baiskeli wa barabara zile zenye nambari wana elimu ambayo haijaandikwa katika kitabu chochote. Aliipokea fremu, akaipindua miguu juu kama mtu amtazamaye mbuzi kwato, akatuambia, "Wazee wangu, msiniambie hadithi yake. Niacheni kwanza niiulize mwenyewe." Tukanyamaza.

Jambo la kwanza alilolitafuta ni nembo. Mbele ya baiskeli, penye bomba fupi ambamo shingo ya uma huzunguka, viwanda vya zamani vilipachika kibati cha shaba chenye jina na picha ya kiwanda: korongo kwa Raleigh, bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja kwa BSA, mkono kwa Rudge. Kwetu kibati hakipo. Yako matundu mawili madogo tu, moja juu na moja chini, mahali palipokuwa na misumari yake. Hata matundu ni ushahidi, maana kila kiwanda kilikuwa na mpango wake wa kupachika. Kibati cha mwingine hakiingii katika matundu hayo ila kwa kutoboa mapya. Lakini ni ushahidi mdogo, na fundi aliuweka kando kama mtu awekavyo senti.

Jambo la pili ni nambari. Iko nambari iliyopigwa kwa nyundo juu ya kiungo kinachoshika nguzo ya kiti, nayo imeliwa na kutu tarakimu mbili za mwisho. Wanachama wengi walidhani nambari ndiyo itakayomaliza maneno. Hapana. Nambari ya fremu bila daftari la kiwanda ni kama nambari ya gunia bila daftari la ghala: yaonyesha kwamba mtu aliwahi kuhesabu, haionyeshi nani wala lini. Viwanda vile vilianza hesabu upya mara kwa mara, na daftari zao hazikuhifadhiwa zote. (Wazee wa mashamba ya mkonge watakumbuka kwamba hata watu walipewa nambari, wakaitwa manamba. Nambari ile haikueleza habari za mtu.)

Ndipo akaanza kupima mabomba. Bomba la kiti kwa nje lilikuwa inchi moja na sehemu ya nane. Kwa ndani, nguzo ya kiti ya inchi moja kamili iliingia na kukaa sawasawa. Jambo hili lataka kuelezwa kidogo. Bomba la nje likiwa la kipimo kimoja, jinsi nguzo ya kiti inavyokuwa nyembamba ndivyo ukuta wa bomba unavyokuwa mnene, na bomba nene ni la baiskeli ya kazi. Baiskeli za mashindano zilizoundwa kwa mabomba mepesi ya Reynolds 531, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1935, zina ukuta mwembamba, na aghalabu hupokea nguzo ya milimita 27.2. Yetu hupokea 25.4. Kwa hiyo haikuundwa kwa mtu wa kukimbia mbio. Iliundwa kwa mtu mwenye mzigo.

Kisha ikaja kazi ya rangi, iliyochukua mchana mzima. Fundi hakutumia moto wala dawa kali. Alitumia msasa laini na maji, akisugua mahali padogo kama sarafu, kisha pengine. Juu kulikuwa na rangi nyeusi ya lami ya majuzi. Chini yake rangi ya kijani, ile iliyopakwa milango ya maghala mengi zamani. Chini ya kijani ikatokea nyeusi nyingine, ngumu na yenye kung'aa kama kioo, na juu yake mstari mwembamba wa dhahabu. Hiyo ndiyo rangi ya kiwandani, iliyokaushwa kwa joto la tanuri, ambayo hakuna brashi ya mtaani iwezayo kuiiga. Na kwenye bomba la kiti, katikati ya nyeusi ile, zikabaki herufi sita za dhahabu: INGHAM.

Tulifurahi kabla ya wakati. Maandishi ya Kijerumani hayakuwapo, na viwanda vyao vikubwa vya siku hizo, Opel wa Rüsselsheim, Adler wa Frankfurt, Wanderer wa Chemnitz, Brennabor wa Brandenburg, hakuna hata kimoja ambacho mji wake wamalizika kwa sauti ile. Lakini katika Uingereza iko miji miwili ya baiskeli, yote miwili mikubwa, nayo ni Birmingham na Nottingham. Msomaji aandike majina hayo mawili katika karatasi, moja chini ya jingine, ataona shida yetu. Nusu ya Kamati ikasema Birmingham, nusu ikasema Nottingham, na kwa jioni moja tulikuwa na vyama viwili ndani ya Chama kimoja.

Waliosema Birmingham hawakuwa na hoja dhaifu. Huko ndiko Hercules ilikoanzishwa mwaka 1910 na ndugu wawili wa ukoo wa Crane, nayo iliuza baiskeli kwa maelfu katika Afrika na Asia kwa sababu ya bei yake nafuu. Huko ndiko BSA, waunda silaha waliogeuka waunda baiskeli, na huko ndiko Phillips. Nottingham ni mji wa Raleigh, kampuni iliyoundwa mwaka 1888 na Frank Bowden, ambayo ilichukua jina la mtaa mdogo uliokuwa na karakana yake ya kwanza. Kwa macho tu, fremu ya kazi ya Hercules na ya Raleigh ni mtu na nduguye: mabomba yale yale, mwinamo ule ule, gurudumu lile lile la inchi 28, breki zile zile za kuvutwa kwa fimbo.

Fundi aliyasikiliza yote hayo akicheka kidogo, akafungua sanduku lake. Akatoa kikombe cha chuma, kile kinachokazwa kwa hesi penye tundu la ekseli ya pedali na kushika gololi. Kilikuwa kikombe cha kawaida cha Kiingereza, chenye meno 24 ya hesi kwa inchi moja. Akakianzisha kwa vidole. Kikazunguka mara moja, kikazunguka mara ya pili, kikagoma. Akakitoa asije akaharibu, akachukua kingine kilichofungwa katika kitambaa chenye mafuta, akakianzisha. Kikaingia mpaka mwisho kwa vidole vitupu. "Hiki," alisema, "kina meno 26. Na baiskeli ya Kiingereza yenye meno 26 hapa chini ni moja: Rale. Baba yangu aliniambia, Mwingereza wa Nottingham alikata hesi yake mwenyewe ili urudi kwake kununua."

Kama hiyo ndiyo iliyokuwa nia yao hatuwezi kuwashtaki, lakini jambo lenyewe ni kweli na lajulikana kwa mafundi wa dunia nzima. Raleigh walikata hesi za meno 26 kwa inchi, penye ekseli ya pedali na penye shingo ya uma, wakati viwanda vingine vya Uingereza vilikuwa vimekubaliana juu ya 24. Aliye na ruli na subira aweza kuhakikisha kwa macho yake: katika nusu inchi ya kikombe atahesabu meno 13 badala ya 12. Tulihesabu, mmoja baada ya mwingine, Katibu akiwa wa mwisho kwa sababu ya miwani yake. Kumi na tatu.

Hapa yafaa tuongeze tahadhari moja, maana kuna wanachama wenye fremu za namna hii nyumbani, na tungependa wasidanganyike. Raleigh walinunua wenzao mmoja mmoja: Humber mwaka 1932, Rudge mwaka 1943, idara ya baiskeli ya BSA mwaka 1957, na mwaka 1960 wakaungana na Tube Investments, wenye Hercules na Phillips, baiskeli za wote zikawa chini ya usimamizi wa Nottingham. Kuanzia hapo twaweza kukuta kibati chenye jina la Birmingham juu ya chuma kilichokatwa hesi ya Nottingham. Kibati chaweza kusema jina ambalo chuma hakilijui. Humber hujulikana upesi kwa uma wake wenye mabomba mawili mawili kila upande. Mwenye nayo hana haja ya fundi. Uma wa fremu yetu una bomba moja kila upande, na mabega yake mawili yamefunikwa kwa vifuniko vya mviringo mfano wa tondoo la fundi cherehani. Hayo ndiyo mabega ya Raleigh wenyewe.

Ikabaki tarehe, maana Raleigh ziliundwa tangu karne ya kumi na tisa, na mtetezi wa hadithi ya kale angeweza kusema kwamba Mjerumani naye alinunua baiskeli ya Kiingereza kabla ya vita. Kwa kweli mjumbe mmoja alisema hivyo hivyo, na kwa sauti kubwa. Tungalikuwa na gurudumu la nyuma lenye gia za Sturmey-Archer, kazi ingalikuwa nyepesi, kwa kuwa vitovu vyao vya miaka ya thelathini na baadaye vilipigwa tarakimu za mwaka. Ingawa gurudumu hubadilishwa kama kiatu, na mwaka wa gurudumu si lazima uwe mwaka wa fremu. Sisi gurudumu hatuna. Lakini tuna vile vifuniko vya mabega. Fundi alipovisugua kwa kitambaa na majivu, vikatoa mng'ao mweupe wenye ubuluu wa mbali. Hiyo ni kromu. Baiskeli za kabla ya 1914 zilipakwa nikeli, ambayo mng'ao wake una umanjano wa joto, na ambayo hufifia isiposuguliwa. Kromu haikuingia katika baiskeli za watu wa kawaida mpaka kufikia miaka ya 1930. Na mtu asiseme kwamba uma ni wa baiskeli nyingine: rangi nyeusi ya tanuri na mstari wa dhahabu ni ule ule juu ya uma na juu ya fremu, na hesi za shingo ni 26.

Basi fremu hii haikuwako duniani siku Lettow-Vorbeck alipopita katika mitaa ya Tanga usiku.

Wengine walipoona Mjerumani ameanguka wakaruka upande wa pili, wakasema labda ni ya juzi, ya Kihindi ama Foniksi. Hilo halikutuchelewesha. Ni kweli kwamba baiskeli za kazi za Asia zilifuata umbo la Kiingereza kwa karibu sana. Katika Bara Hindi kilianzishwa kiwanda cha Hercules Madras mwaka 1949, Atlas ya Sonepat mwaka 1951, Hero ya Ludhiana mwaka 1956. Katika China, Flying Pigeon ya Tianjin iliigwa kutoka Raleigh ya mwaka 1932, na Phoenix ya Shanghai ikaja kuwa Foniksi yetu sote. Nasi tuliunda zetu Dar es Salaam, zile Swala ambazo wengi wetu tulijifunzia kuanguka. Lakini hakuna mojawapo kati ya hizo iliyokuwa na sababu ya kuandika kwa dhahabu jina la mji wa Uingereza lenye kumalizika kwa INGHAM.

Tulikuwa tumepata kiwanda na tumepata zama. Kwa wanaokusanya vitu vya kale hapo ndipo kazi huishia. Kwetu ilikuwa nusu tu, maana Kamati haikuuliza tu ilikotoka fremu, bali pia imefikaje juu ya mlango wetu. Raleigh hazikuwa chache katika pwani hii. Kampuni ilizitangaza Afrika kwa picha mashuhuri ya Mwafrika anayekimbizwa na simba, naye akimwacha nyuma kwa sababu ya baiskeli yake ya chuma kitupu. Picha ile yachekesha, na yaudhi kidogo pia: anayeiangalia angedhani watu wa huku walinunua baiskeli kwa ajili ya kukimbia simba. Walinunua kwa ajili ya kupeleka mihogo sokoni.

Ghala letu halikujengwa na sisi. Lilijengwa na ushirika wa zamani, na serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, likapita katika mikono mingine. Sheria ya mwaka 1982 iliporudisha vyama hivyo, majengo mengi yalikuwa yamekaa bila daftari za mali zilizomo. Sisi tulipokabidhiwa ghala miaka 10 iliyopita, fremu ilikuwa imelala juu ya boriti pamoja na magunia mabovu. Katika mkutano mkuu wa wanachama tulitangaza kwamba yeyote mwenye habari zake ajitokeze. Hatukusema neno juu ya Nottingham, wala juu ya rangi, wala juu ya kromu.

Baada ya wiki tatu akaja kijana kutoka upande wa Mwera, akasema bibi yake ataka kusema na wakubwa wa Chama, lakini magoti hayamruhusu kusafiri. Tukaenda. Tulimkuta barazani, akisuka ukili. Tulipomwamkia shikamoo akaitikia, "Marahaba wanangu, karibuni," na kabla hatujakaa akauliza, "Ile baiskeli ya baba bado ina pingu shingoni?"

Hatukumwelewa, akatueleza. Babaye alikuwa mkulima wa minazi, na ndiye aliyekuwa akiandika uzito katika chama cha msingi cha sehemu zile. Baiskeli aliinunua mpya Tanga mwaka 1954, mwaka alipozaliwa mdogo wa huyu bibi wa mwisho, kwa fedha za mbata za misimu mitatu. Juu yake alifunga mizani ya mkono na daftari lililozungushiwa kitambaa cha mpira, akaenda Kigombe, akaenda Tongoni, akavuka kivuko mpaka Bweni. Watu walimngoja, kwani asipofika yeye mbata haikupimwa, na mbata isiyopimwa iliuzwa kwa mchuuzi kwa bei aipendayo mchuuzi. Siku moja, katika makorongo baada ya masika, fremu ikakatika karibu na shingo, kwenye bomba linaloteremka kwenda penye pedali. Akaibeba begani mpaka Muheza. Fundi wa huko akaivisha kola iliyokatwa kutoka bomba la maji, akaiunga kwa shaba. "Tukaiita pingu," alisema bibi. "Baba alisema, hata mfungwa akivaa pingu bado aenda kazini." Alipozeeka akaikabidhi kwa ushirika ili mwandishi aliyemfuata aitumie, na ushirika ulipovunjwa hakwenda kuidai.

Turudie mpango wa mambo, kwa kuwa hapo ndipo penye uzito. Bibi huyu alikuwa hajaiona fremu kwa zaidi ya miaka 40. Mahali alipopataja hapakuwa pamesuguliwa. Fundi wetu alikuwa ameacha sehemu ile kwa sababu rangi yake ilikuwa nene na yenye mabonde, akadhani ni lami tu. Tulirudi Tanga siku ile ile. Fundi akachukua msasa, akasugua chini ya shingo, na katika dakika chache ikatokea kola ya chuma yenye urefu wa vidole vitatu, na pembeni mwake mstari wa shaba ya manjano, mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, kama kazi ya mtu aliyekuwa na moto mdogo na haraka kubwa. Fundi aliiangalia kwa muda mrefu. Akasema kwamba kazi si nzuri lakini imeshika.

Kamati ilikutana tena. Yule mjumbe aliyetetea mauzo alisimama wa kwanza, na tunaandika haya kwa heshima yake, akatoa shauri kwamba barua ya mhuri isiandikwe, na kwamba mizani mpya itafutwe kwa njia nyingine. Mjumbe mwingine akauliza kama Chama kina haki hata ya kuitundika, maana fremu ina wenyewe. Tukarudi Mwera mara ya pili na kumwuliza bibi. Akajibu kwamba babaye aliitoa kwa ushirika kwa mkono wake, na alichokitoa baba yeye hakirudishi nyumbani. Lakini asingependa kusikia tena kwamba ni ya Mjerumani. Mgeni naye tulimpigia simu. Alisema kwamba Raleigh ya mwaka 1954 hana haja nayo, ziko nyingi.

Kibao cha kwanza kimechomwa. Cha pili kimechongwa na seremala wetu kwa ubao wa mvule, nacho chasema kwamba fremu hii iliundwa Nottingham, ilinunuliwa mpya Tanga mwaka 1954 na mkulima wa minazi kwa fedha zake, ikabeba mizani ya chama cha msingi, ikakatika, ikaungwa Muheza. Jina la mwenyewe limo katika kibao. Jamaa zake waliomba lisichapwe katika kitabu, nasi tumetii.

Bibi aliletwa kuiona kwa gari la mjukuu mmoja kabla maonyesho hayajafunguliwa. Tulikuwa tumeitundika juu, mahali ilipozoea kuwa. Akaomba ishushwe kidogo, apate kuifikia. Seremala akang'oa misumari, akaipigilia tena, na sasa iko usawa wa kifua cha mtu aliyeketi, pingu ikielekea mlangoni.